Boksi la Arobaini

Redio ilikwaruza mara mbili sikioni mwa Selorm Kpodo.

"Mpini, hapa Jembe. Kenkey imeoza. Narudia: kenkey imeoza."

Kenkey, donge la unga wa mahindi, lilikuwa jina lao la siri la shehena. Selorm aliinama zaidi juu ya tangi la pikipiki yake ya Yamaha. Mshale wa mwendo ulitetemeka kwenye mia na ishirini. Mbele yake barabara ya kwenda Aflao ilikuwa imemezwa. Harmattan, upepo mkavu wa jangwani, ilishuka juzi, ikabeba jangwa zima hewani, na jua la saa nne asubuhi lilikuwa duara dogo, jeupe, lisilo na joto, kama jicho la samaki aliyekufa.

"Mpini nimesikia. Iliyooza ni kiasi gani?"

"Maboksi arobaini. Kati ya mia sita."

"Alama?"

"Hakuna. Karatasi ile ile, rangi ile ile, gundi ile ile."

"Amri?"

Ikaingia sauti ya Madam Ahwireng, mkuu wa Kitengo cha Sita cha usalama, mwanamke ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji.

"Ukiyapata yote arobaini kabla ya saa saba mchana, toa hayo, mengine yaende. Ukikosa hata moja, choma mia sita. Hapo hapo barabarani, watu wakiona. Waziri ameshatia saini."

"Tukichoma, Mansa imekwisha."

"Najua, Mpini. Na aliyepanga haya anajua pia."

Redio ikafa.

Selorm akazungusha mkono. Mia na thelathini.

Saa mbili zilizopita alikuwa Tema, ndani ya stoo ya kiwanda cha pedi cha Mansa, akimtazama marehemu.

Mzee Teye, mtunza stoo, alilala chali juu ya marobota ya nyuzi laini. Macho wazi. Mdomo umejaa. Ilimchukua Selorm muda kuelewa umejaa nini. Kilikuwa kitu cheupe, kinang'aa, kimevimba hadi nje ya meno kama barafu iliyopondwa.

"Ni unga wetu," alisema Dokta Maku Narteki, mbunifu wa kiwanda. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imejaa vumbi. "Unga wa kunyonya. Kijiko kimoja kinakunywa kikombe kizima cha maji. Walimlisha mkavu."

Mate yake mwenyewe ndiyo yaliyomziba koo.

Selorm alikuwa ameua watu watatu katika kazi hii, na hakuna hata mmoja aliyemnyima usingizi. Mdomo wa Mzee Teye ungemnyima.

Chini ya mguu wa marehemu kulikuwa na pedi moja, bado ndani ya kifuko chake cha kitambaa chembamba. Maku aliifungua kwa koleo, akaiweka kwenye sinia la bati, akadondosha maji matone matano.

Pedi ikafoka.

Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ya sabuni mbichi. Katikati ya ule weupe shimo la kahawia likaanza kujila lenyewe.

"Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, inayobabua ngozi," Maku alisema. "Wameichanganya na unga wangu, wakawasha mashine usiku, Mzee Teye akawakuta. Nipe muda nisome kaunta, nijue wametengeneza ngapi. Lori limeondoka saa moja, Selorm. Limebeba mia sita kwa ajili ya shule za bweni za wasichana, kuanzia Keta."

"Keta kuna nani?"

Hakuuliza kwa kubahatisha. Alikuwa ameona jinsi Maku alivyolitamka jina hilo.

"Mamle," Maku alisema. "Mwanangu. Yuko kidato cha pili."

"Pigia shule."

"Nimeshapiga. Wamesema watasubiri. Lakini watasubiri nini? Pedi zangu nimewaahidi kwa miaka minane." Alinyanyua pedi nzima, safi, akaipasua, akatoa kiini chake. "Walichokuja kuua ni hiki."

Alieleza upesi, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake moto ukiwa mlangoni. Pedi za Orvella, kampuni ya ng'ambo iliyoshika soko kutoka Lomé hadi Abidjan, hunyonya vizuri mwanamke akisimama kama mlingoti. Akichuchumaa, kiini kinavunjika kama kadibodi, na damu inapita kwenye ufa. Maku alikaa miezi sokoni Makola akiwatazama kayayei, wale wasichana wapagazi, wakichuchumaa na kuinuka na mizigo kichwani kutwa kucha. Akatengeneza viini sitini na kimoja. Vyote vikavunjika. Katika cha sitini na mbili akachora mifereji mitano iliyopinda, na ndani ya mifereji hakuweka unga hata chembe. Unga alishikiza kwenye vilima, kwa nyuzi za mgomba.

"Tazama kidole chako," alisema. "Mfupa haupindi. Kinachopinda ni pale pasipo na mfupa."

Selorm alikitazama kile kiini. Alikuwa amekishika kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili wake. Kutoka mlangoni wanawake wa meza ya wakunjaji wakamwona.

"Haa! Mtazameni!" Alikuwa Shangazi Korlekie, msimamizi wao, mwanamke mwenye mabega ya kusukuma meli. "Bastola kiunoni, lakini pedi anaishika kama kashika mkia wa nyoka. Shika vizuri, mume wangu, haijatumika hiyo!"

Wenzake walicheka kicheko kifupi, kicheko cha watu wenye maiti chumba cha pili.

"Njoo nikufundishe, maana shuleni hawakukufundisha," Korlekie aliendelea. Akachukua pedi ikiwa kifukoni, akaikunja karibu na sikio lake. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. "Hapa halifungwi boksi bila kukunjwa moja. Ikinyamaza, ni ya Mansa. Ikisaga meno, unga umemwagika mferejini, tunatupa. Hao wauaji wako hawajui kupanga mashine. Ya kwao itasaga meno, nakuapia. Lakini haikupita kwenye meza hii."

"Shehena imelipiwa na nani?"

"Bwana Loos, mzungu mhisani. Jana jioni alikuwa hapa akipiga picha na sisi. Leo anaongozana na lori kwa Hilux yake, akagawe kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwema."

Selorm alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

Dawa. Sege. Kasseh. Miji ilitokea kwenye vumbi na kuzama tena.

Saa tano kasoro dakika kumi, daraja la Sogakope likajitokeza, na chini yake mto Volta ulikuwa wa kijivu, mzito, kama chuma kilichoyeyuka kikapoa. Kwenye kizuizi cha polisi lori la DAF lilikuwa limesimama. Nyuma yake, Hilux nyeupe.

Koplo mmoja alikuja mbio, jina Gbeve kifuani, mafuta ya shea yaking'aa usoni.

"Afande, tumelizuia kama mlivyoagiza. Na tumeshalikagua."

"Mmefungua maboksi?"

Koplo akatazama viatu vyake. "Tumefungua mlango."

"Nimeuliza maboksi."

"Afande, unajua kilichomo mle?" Akashusha sauti. "Ni vile vitu vya wanawake. Mimi nina mke, nina mama mkwe. Nionekane barabarani nimeshika vile vitu?"

Selorm alisimama, akaelewa.

Huu ndio uchawi wao. Vizuizi vinane kutoka Tema hadi mpakani, wanaume wenye bunduki kwenye kila kimoja, na hakuna hata mmoja ambaye angefungua boksi la pedi. Ungeweza kupitisha kifo mchana kweupe mbele ya jeshi zima, mradi ukifunge kwenye karatasi ya waridi.

Mlango wa Hilux ukafunguka. Mzungu mrefu akashuka, nywele za fedha, tabasamu la mtu aliyezoea kamera. Mikononi alivaa glavu nyembamba za ngozi.

"Karibu, karibu! Mimi Fennick Loos. Kuna tatizo, ndugu yangu? Wasichana wanatusubiri."

"Ukaguzi tu, bwana. Utachukua muda."

"Bila shaka. Usalama kwanza." Akaona Selorm anatazama glavu. "Ah, vumbi lenu! Linapasua ngozi yangu."

"Paka shea, bosi," koplo alisema.

Loos akacheka, akarudi kivulini.

Maboksi mia sita. Mtu mmoja. Saa mbili.

Selorm alifungua la kwanza, akatoa pedi, akaikunja karibu na sikio. Lori la saruji likapiga honi. Upepo ukavuma. Hakusikia kitu. Akakunja ya boksi la pili. Hakusikia kitu.

Akageuka akawatazama wauza mikate.

Walikuwa thelathini hivi, wamejaa pembeni mwa kizuizi na masinia yao ya mikate, na abolo za unga wa mahindi, na samaki wadogo wa kukaanga, wanawake ambao kutwa nzima wanasikia dereva gani anapunguza mwendo kabla gari halijaonekana. Wenye masikio walikuwa pale pale.

Akampigia Korlekie, akaweka simu kwenye spika, akapanda juu ya tairi la lori.

"Mama zangu, dada zangu! Nahitaji masikio yenu!"

"Tununulie mkate kwanza!" mmoja akapiga kelele, mnene, sinia kichwani bila kulishika.

"Jina lako nani?"

"Enyonam. Umependa nini, sura au mkate?"

Wakacheka wote. Selorm hakucheka. Akafungua kifuko kimoja, akadondosha maji juu ya kiini. Hakikufanya kitu. Akafungua kingine kutoka boksi jingine. Hakikufanya kitu. Cha tano kikafoka, kikatoa moshi, na kicheko kikakatika kama uzi.

"Hii inakwenda kwa mabinti wa shule ya bweni ya Keta," alisema. "Yako arobaini humu yenye sumu hiyo. Maboksi arobaini. Sitayajua bila nyinyi."

Enyonam alishusha sinia lake chini polepole. Huwa hawashushi sinia kwa ajili ya mtu.

"Mwanangu yuko Keta kwenye shule ile," alisema mwingine nyuma.

"Nisikilizeni, wake wenza!" Sauti ya Korlekie ilitoka kwenye simu kama kipaza sauti cha msibani. "Msifungue kifuko! Mnanisikia? Kifuko kibaki kimefungwa. Moja kutoka kila boksi. Kunja mara tatu karibu na sikio. Ikinyamaza, weka kulia. Ikisaga meno, weka kushoto, na unawe. Polisi, nyinyi mnaotazama viatu, shusheni maboksi! Mikono yenu imeoza?"

Koplo Gbeve alivua kofia, akaanza kushusha.

Ndivyo barabara ya Aflao ilivyoona siku ile jambo ambalo haikuwahi kuliona. Kwenye vumbi jeupe, chini ya jua lililokufa, wanawake thelathini wamesimama mstari, kila mmoja na pedi sikioni, macho yamefumbwa. Madereva waliokuwa wanapiga honi waliacha. Hata upepo ulishuka.

"Kushoto!"

"Kulia."

"Kulia."

"Kushoto!"

Kila boksi la kushoto Selorm alilipasua na kudondoshea pedi yake maji. Kila moja ilifoka. Hawakukosea hata mara moja.

Saa sita na nusu: thelathini na moja.

Saa sita na dakika arobaini: thelathini na saba.

Saa sita na dakika arobaini na nane, Enyonam alikunja pedi ya boksi la mwisho. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko zote.

"Kulia," alisema.

Selorm akahesabu rundo la kushoto. Akahesabu tena kwa kugusa kila boksi.

Thelathini na tisa.

Redio ikakwaruza. "Mpini, nipe hesabu."

"Thelathini na tisa."

"Dakika kumi, Mpini. Andaa petroli."

"Jembe, naomba..."

"Ukikosa hata moja. Ndivyo nilivyosema."

Kaunta ya Maku haikosei. Arobaini yalitengenezwa. Selorm aliona Tema akilini: meza ya wakunjaji tupu, Korlekie anafungua aproni, Maku amekaa peke yake na kiini cha sitini na mbili mkononi. Akaona moshi juu ya Sogakope kwenye magazeti yote, na wiki ijayo maboksi ya Orvella kwenye kila duka, ngumu kama kadibodi.

Mkono ukamgusa begani. Glavu.

"Umejitahidi, kijana wangu," Loos alisema kwa upole. "Hakuna aibu. Yachome yote, ndiyo njia salama. Mimi natangulia Keta niwape wasichana pole."

Selorm hakugeuka mara moja.

Aliwaambia wauza mikate habari za sumu. Hakumwambia mtu yeyote habari za kuchoma. Amri ile ilipita kwenye redio moja, ikaingia kwenye sikio moja. Mwingine wa kuijua ni yule tu aliyepanga haya.

"Bwana Loos," alisema. "Nani amekwambia tunachoma?"

Tabasamu lilibaki pale pale. Macho yakaondoka.

"Nimekisia tu."

"Sawa. Nisaidie kitu kimoja kabla hujaenda." Selorm alichukua pedi kutoka rundo la kulia, akamnyooshea. "Vua glavu. Ikunje, usikilize."

Loos hakuipokea.

"Ni safi hii, bwana. Mama hawa wote wameshika. Unaogopa nini?"

"Vumbi..."

Enyonam alikuwa karibu zaidi. Aliudaka mkono wa Loos kwa mkono wa mtu anayekanda unga tangu utoto, akaivuta glavu moja ikatoka.

Kiganja kilikuwa chekundu, kimebabuka, ngozi inaning'inia. Kiganja cha mtu aliyemimina kostiki soda usiku kwa haraka, akiwa na jasho.

"Shea haiponyi hiyo," koplo alinong'ona.

Loos alimsukuma Enyonam, akaruka nyuma. Bastola ndogo ya Walther ikatoka kwenye koti. Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha lori. Wanawake walilala chini. Risasi ya pili ilimchana Selorm mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

Hilux ilikuwa tayari inanguruma. Loos akaingia, akakanyaga mafuta, akavunja mti wa kizuizi, akapanda darajani.

Selorm akapiga goti. Glock 19 mkono wa kulia. Vumbi lilikuwa linaila gari ile nyeupe, mita thelathini, mita arobaini, taa za nyuma zinabaki kama sigara mbili.

Akatoa pumzi.

Paa. Paa.

Tairi la nyuma likapasuka. Hilux ikayumba, ikasugua ukingo wa daraja kwa cheche, ikageuka ikasimama imeziba barabara. Volta ilikuwa chini yake, kijivu, kimya.

Loos alitoka akitambaa, bastola bado mkononi. Lakini kiganja kilichobabuka hakikuweza kukaza kitako cha bastola. Chuma kiliteleza kwenye ngozi yake mwenyewe kikaanguka. Akainama kukiokota, na buti la Selorm likakifika kabla yake.

"Mzee Teye," Selorm alisema. "Stoo, Tema. Alikuwa na wajukuu saba."

"Sikujua jina lake," Loos alisema akihema.

"Sasa unalijua."

Pingu zililia mara mbili.

Lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, limefunikwa koti jingine, la suti, lenye beji ya Orvella. Boksi moja la waridi, limefungwa utepe mwekundu kwa ajili ya picha. Juu yake, kwa kalamu nzito: *Keta. La kwanza.*

Lile alitaka kuligawa kwa mkono wake mwenyewe, glavu zikiwa mkononi, kamera zikitazama, kwa mabinti wa mstari wa mbele.

Selorm alitoa pedi moja. Akaikunja karibu na sikio. Darajani hapakuwa na honi wala kelele, na mara hii hata yeye alisikia.

Ilisaga meno.

"Jembe, hapa Mpini. Arobaini."

Saa ya Casio mkononi mwake: saa sita na dakika hamsini na saba.

Madam Ahwireng alivuta pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza Selorm kumsikia akifanya hivyo. "Achana na petroli, Mpini."

Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga. Za Loos zilihesabiwa kwa maboksi.

Damu ilikuwa inamshuka Selorm hadi kwenye vidole. Alirudi kwenye rundo la kulia, akafungua kifuko, akaizungusha pedi kwenye jeraha. Enyonam alirarua ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaifunga juu yake kwa nguvu.

"Sasa unajua kuishika," alisema. "Umekua leo, mume wangu."

Simu ililia. Maku. Nyuma yake, meza nzima ya wakunjaji ilikuwa imeshika pumzi.

"Niambie."

"Arobaini."

Kelele zilizopasuka Tema zilimfanya Selorm aiweke simu mbali na sikio. Maku hakupiga kelele. Alisubiri zipungue.

"Na la Keta?"

"Ninalo mimi. Mamle atapata la mikono yako."

Akamsikia anavua miwani, anaifuta.

"Koplo anasema umepigwa risasi."

"Nimevaa kazi yako."

Sauti ya Maku ilibadilika ghafla. Mama aliondoka, mbunifu akaingia. "Wapi?"

"Kwenye kiwiko."

"Kunja mkono."

Selorm akakunja. Akanyoosha. Akakunja.

"Inapinda?"

"Inapinda."

"Inavuja?"

Akatazama mkono wa shati lake jeupe, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifungo cha chini. Damu ya mwanzo ilishakauka, na chini ya kitambaa cha Enyonam halikutoka tone jipya.

"Haivuji, Dokta."

Akakata simu. Nyuma yake Koplo Gbeve alikuwa anarudisha maboksi kwenye lori, mawili mawili, kifua mbele, akimfokea mwenzake ashike vizuri, hayo si mayai wala si nyoka. Polisi walishaisukuma Hilux kando ya daraja, na injini ya DAF ikawaka. Mia tano na sitini yakaondoka kuelekea mashariki, Keta.

Enyonam alimrushia mkate wa moto. Selorm aliudaka kwa mkono wa kushoto, ule uliofungwa, akaung'ata, akapanda Yamaha.

Vumbi likamfunika kabla hajamaliza kumeza.